Liboi ikifunguliwa, mzigo wa Garissa utabebwa na nani?

Kila mpaka wa Liboi unapotajwa, mazungumzo huishia kwenye usalama. Haishangazi. Mei 2023 Kenya na Somalia zilikubaliana kuufungua hatua kwa hatua, pamoja na ule wa Mandera na wa Kiunga kule Lamu, na kufikia Julai mpango ukaahirishwa kwa sababu ya mashambulizi. Lakini Somalia ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Machi 2024, na kizuizi hakitakaa chini milele. Siku kitakapoinuliwa, mwenye lori wa Mombasa au Garissa atakuwa na swali lake: kazi ya humu ndani itabaki ya nani?

Wanaosimamia uchukuzi huliita jambo hili kabotaji. Lori lililosajiliwa Kismayu likipakia mchele bandarini Mombasa na kuupeleka Kismayu, hiyo ni safari ya kimataifa, na vibali vikiwa sawa halina kosa. Lori hilo hilo likipakia simiti Mombasa na kuishusha Garissa, limefanya kazi ya ndani ya Kenya. Barabara ni moja, Malindi, Garsen, Hola mpaka Garissa. Kinacholitia hatiani ni pale liliposhusha. Kanuni za uchukuzi za ukanda wetu huzuia hilo pasipo ruhusa maalum, na kuingia Jumuiya hakujaifuta. Soko la pamoja linampa jirani njia ya kupita. Halimpi kazi ya kubeba mzigo kati ya mji na mji ndani ya nchi ya mwenzake.

Kishawishi kitakuwepo, tena kikubwa. Lori linalotoka Somalia kufuata shehena Mombasa litapita Garissa likiwa tupu au karibu tupu. Garissa kuna soko la mifugo, mojawapo ya makubwa Kenya, na wanyama hao hushuka Pwani. Dereva ambaye safari yake tayari imelipiwa na mzigo wa kurudi atakubali kubeba ng'ombe kwa nauli ambayo mwenye lori wa hapa, aliyelipa leseni, bima na ushuru wa Kenya, hawezi kuishusha zaidi. Ulaya walilikuta tatizo hili wakalitafutia kipimo: lori la nje likishashusha mzigo wa kimataifa linaruhusiwa safari 3 za ndani katika siku 7, na tangu Februari 2022 lazima lisubiri siku 4 kabla ya kuanza tena katika nchi hiyo. Kwa maoni yangu Kenya haina haja ya kufika huko sasa. Marufuku ibaki, ila mlango wa ruhusa uwe wazi kwa dharura, kama mafuriko ya 2023 na 2024 yalipokata barabara pale Kona Punda na bidhaa zikakwama upande wa pili.

Ninachohofia zaidi ni namna marufuku itakavyosimamiwa barabarani. Sheria inauliza gari limesajiliwa wapi, limepakia wapi na linashusha wapi. Haiulizi dereva ni wa ukoo gani. Sasa fikiria kizuizi cha polisi kabla ya daraja la Tana, usiku, na nyuma ya usukani yuko Mkenya Msomali mzaliwa wa Dadaab au Ijara. Kwa zaidi ya miaka 60 watu wa Kaskazini Mashariki walipitia mchujo wa ziada kupata kitambulisho, mpaka Rais Ruto alipotangaza akiwa huko Februari 2025 kwamba umeondolewa. Tangazo ni jambo moja, askari wa zamu ni jambo jingine. Ukimpa sababu mpya ya kuuliza "wewe ni wa wapi?", ataitumia, na gari la Mkenya litalazwa hapo hadi kitu kidogo kitoke huku lile la nje likipita na karatasi zilizopangwa vizuri.

Kwa hiyo wabunge wa Garissa na wenye malori wa Pwani wana jambo la kudai pamoja kabla Liboi haijafunguliwa: mwongozo wa maandishi kwa kila kizuizi, kwamba katika kosa hili askari akague nambari za usajili, hati ya mzigo na karatasi ya forodha. Lori lenye usajili wa Kenya halihusiki na kosa hili hata kidogo, awe analiendesha nani.