Gari Lililorudi Darasani

Wanafunzi wenzangu, wako miongoni mwetu wasemao kwamba magari ya Kijapani yalienea duniani kwa bei nafuu tu. Mimi sikubali.

Mwaka 1957 kampuni ya Toyota ilifungua ofisi Marekani, na mwaka 1958 ikaanza kuuza huko gari lake, Toyopet Crown. Kwao gari hilo lilisifiwa kwa uimara, kwa kuwa barabara nyingi za Japani wakati ule zilikuwa mbovu na mwendo ulikuwa wa polepole. Lakini katika barabara kuu za Marekani likatetemeka, na injini ikalemewa na mwendo wa kasi. Mwaka ule yaliuzwa magari 287 tu! Haukupita muda wakaacha kulipeleka.

Je, waliwalaumu wanunuzi? La, hasha. Walirudi kazini, wakaunda Corona mpya yenye nguvu zaidi. Mwaka 1964 waliikimbiza kilometa 100,000 katika barabara mpya ya Meishin, kila mtu aone. Mwaka 1965 ikaingia Marekani, na safari hii ikapendwa.

Basi sisi je? Karatasi ya mtihani ikirudi na alama nyekundu, wengi wetu huikunja na kuificha mfukoni. Nami nimefanya hivyo. Lakini mficha maradhi, kilio humfichua. Tuifungue karatasi ile mbele ya mwalimu, tumwulize tulipokosea, kisha tujaribu tena. Kushindwa si aibu. Aibu ni kushindwa mara mbili kwa kosa lile lile.