Bwawa la Maji ya Chumvi Nalo Lina Klorini

Siku hizi bibi harusi akitafuta nyumba ya fungate, la kwanza aulizalo ni bwawa lenye ukuta mrefu, aogelee na mumewe bila jicho la mtu. Hilo jema. La pili husema, "Liwe la maji ya chumvi, halina dawa." Hapo sikubaliani naye.

Bwawa la chumvi ni bwawa la klorini. Mashine hupitisha umeme majini na kuigeuza chumvi kuwa klorini. Jua letu hili huimaliza klorini kwa saa chache tu, ndiyo maana hutiwa asidi ya sianuriki, wenyewe wauzaji huiita stebilaiza, iikinge. Bwawa la chumvi lililo juani kwa kawaida huwekewa miligramu 60 hadi 80 kwa lita.

Tatizo ni mkono mzito. Mashine inafanya kazi, na bado mtu anatupia vidonge vya klorini kila wiki, asijue kuwa vidonge vingi vina stebilaiza ndani yake. Klorini hutumika ikaisha. Stebilaiza hubaki, hata maji yakikauka kwa jua. Ikizidi huifunga klorini isiue vijidudu upesi, na maji yanang'aa vilevile. Dawa ya kuipunguza ni kumwaga maji na kujaza mapya: ikiwa 160 nawe unataka 80, ni nusu ya bwawa hiyo! Katika kisiwa ambacho jirani anapanga ndoo kusubiri mgao, mimi naiita israfu, na ingeepukwa kwa kipimo cha dakika chache.

Na nyie wenye mabwawa ya wanawake yaliyoezekwa, stebilaiza ya nini? Humo jua haliingii.

Kwa hiyo bibi harusi, kabla hujatoa kishika nafasi, muulize mwenye nyumba: stebilaiza ni ngapi, na ilipimwa lini? Akikujibu kwa kukusifia rangi ya maji, tafuta kwengine. Usione haya, pesa ni yako na ngozi ni yako.

Burkini nayo, mie fundi nakwambia, chagua ya poliesta. Yenye spandeksi nyingi klorini huilegeza upesi, ikaanza kuning'inia pasipotakiwa. Ukitoka isuuze kwa maji baridi, uianike kivulini.