Msahafu wa Siyu si mswada

Kuna neno ambalo ningewapokonya wasomi wa fasihi yetu mpaka wajifunze kulitumia: mswada. Mwandishi chipukizi ana riwaya kwenye kompyuta, haijahaririwa. Huo ni mswada, sawa. Serikali inapeleka pendekezo la sheria bungeni. Huo nao ni mswada, na maana zinakaribiana, kwa kuwa bado utajadiliwa na kurekebishwa. Lakini soma makala zetu kuhusu maandishi ya kale ya pwani uone kila kilichoandikwa kwa mkono kinavyoitwa mswada. Utenzi ulionakiliwa kwa hati safi ni mswada. Barua ni mswada. Hata msahafu ulionakiliwa Siyu, kisiwani Pate, mji uliosifika kwa kazi hiyo katika karne ya 18 na ya 19, wenye wino wa rangi na mapambo pambizoni, nao ni mswada!

Neno hili tulilitoa kwenye Kiarabu, musawwada, na mzizi wake ni weusi. Ni rasimu, karatasi iliyochafuka kwa kufutwafutwa na kuongezewa. Mwandishi akishamaliza kuhangaika nayo huinakili upya kwa usafi, na nakala hiyo huitwa mubayyada, iliyofanywa nyeupe. Sisi tukachukua nusu ya jozi, ile nusu chafu, tukaibandika juu ya kila kitu. Mnakili wa Siyu akifufuka leo akasikia kazi yake ikiitwa rasimu, atatuuliza ni wapi hasa hakumaliza.

Mtaniambia lugha hubadilika. Kweli hubadilika. Chuo kilikuwa kitabu. Utendi wa Tambuka, ule wa Mwengo bin Athumani wa Pate, hujulikana pia kama Chuo cha Herekali, na hakuna aliyedhani Herekali alikuwa na kampasi. Kamusi ya Krapf ya mwaka 1882 inalipa neno hilo maana ya kitabu. Leo chuo ni majengo na ada. Sina ugomvi na badiliko hilo, kwa kuwa neno kitabu lilikuwepo likashika nafasi. Ugomvi wangu ni neno moja kumeza wenzake wawili watatu na mahali pao pasibaki kitu.

Toleo ni mlafi mwingine. Angalia kurasa za hakimiliki. Kitabu kimoja kitakutajia Toleo la Kwanza, la Pili, la Tatu, na ukivilinganisha hakuna hata mkato uliosogea. Hayo si matoleo, ni chapa. Mashine imewashwa tena, basi. Kingine kinasema tu "kimechapishwa tena", kumbe tahajia imebadilishwa na dibaji imeng'olewa. Hilo ndilo toleo, na hakuna aliyetuambia. (Na gazeti nalo lina toleo la leo. Huko sitaki hata kuingia.)

Nilimuuliza kijana anayeuza vitabu vya mitumba kandokando ya barabara Posta, Dar es Salaam, kuhusu nakala ya Kusadikika aliyokuwa nayo: "Kaka, hii ni chapa ya mwaka gani?" Akanihakikishia: "Hii orijino, dada." Orijino kwake ni kitabu ambacho hakikutolewa fotokopi. Simlaumu, maana hata waliokichapa hawakumpa neno jingine. Lakini Kusadikika ilitoka mara ya kwanza mwaka 1951, Mwingereza akiwa bado anatawala, na kisa chenyewe ni cha mtu anayeshtakiwa kwa kutaka kuwafundisha watu sheria. Anayetaka kujua Shaaban Robert aliandika nini hasa wakati ule anahitaji chapa ya 1951, au toleo linaloeleza kwa uaminifu kilichobadilishwa. Bila maneno hayo mawili, hata kuuliza hawezi.

Gharama kubwa zaidi iko kwenye majina ya watu. Mwaka 1903 kilichapishwa Göttingen, Ujerumani, kitabu cha desturi za Waswahili. Jina lililowekwa mbele ni la Carl Velten, kama mkusanyaji. Sehemu kubwa iliandikwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili. Sasa mwanafunzi akiandika "Velten (1903)" kwenye tasnifu yake, bila lile neno mkusanyaji, keshamfanya Mjerumani mwandishi wa habari za Bagamoyo, na Mtoro hayupo. Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1981 ilimpandisha Mtoro mpaka kwenye anwani ya kitabu. Ilibidi Kiingereza kitukumbushe.

Au Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyemsaidia mmisionari W. E. Taylor kukusanya na kufafanua mashairi ya Muyaka. Karatasi hizo ziko London. Tumwite nani? Mnakili? Mfafanuzi? Mhariri? Kila jina lina uzito wake, na kila mara tunapoandika "kwa msaada wa wenyeji" tunakataa kuchagua.

Wapo wanaojitetea kwamba Kiswahili hakina istilahi za vitabu. Hawa wananichosha. Tunayo juzuu, gombo, tabaruku, dibaji, faharasa, pambizo. Tunayo sherehe, ile ya mwisho wa kitabu inayofafanua maneno magumu, ingawa wengine wakiisikia hungoja pilau. Kilichokosekana ni watu wa kuyatumia kazini. J. W. T. Allen alipoorodhesha maandishi ya mkono ya Kiswahili na Kiarabu yaliyomo katika maktaba ya chuo kikuu pale Dar es Salaam, orodha ilichapishwa Leiden mwaka 1970, kwa Kiingereza. Orodha ya mali iliyomo nyumbani mwetu!

Kwa hiyo wasomi, andikeni hati ya mkono, kisha mseme ni msahafu, utenzi au barua, na mswada muwaachie wabunge na wenye riwaya zisizokwisha. Wachapishaji, nawadai mistari mitatu nyuma ya ukurasa wa jina: chapa hii ni ya ngapi na ya mwaka gani, toleo hili limebadilisha nini, nani aliandika, nani alikusanya, nani alihariri. Ukurasa wenyewe mnauchapa tayari, na nusu yake huwa nyeupe.