Mikono Yetu: Ndege ya fito, karatasi na mpira



Ipo kazi moja ya mikono ambayo watu wazima wengi huiona kuwa ni mchezo wa watoto, nayo ni kujenga ndege ndogo ya mbao nyepesi kwa kufuata michoro ya zamani. Hatusemi ndege ya kuwekwa juu ya kabati ikatazamwa na wageni, bali ndege ya kuruka kweli. Haina injini, haina waya, wala haina mtu wa kuiongoza kutoka chini. Nguvu yake yote ni tepe za mpira zilizosokotwa tumboni mwake. Ikishatoka mkononi, imetoka.

Watu huuliza: ya nini mtu mwenye akili zake atumie jioni za miezi miwili kujenga kitu ambacho huenda kikaruka vizuri mara moja tu, kisha kisionekane tena? Swali hilo ni la haki, nasi tutalijibu. Lakini kwanza tuitazame asili ya jambo lenyewe.

Mwezi Agosti mwaka 1871, katika bustani ya Tuileries mjini Paris, kijana wa Kifaransa aitwaye Alphonse Pénaud, mwenye umri wa miaka 21, alirusha mbele ya mashahidi ndege ndogo ya mpira. Ilikwenda kiasi cha mita 40 kwa muda wa sekunde 11. Leo mwendo huo waweza kumchekesha mtoto, lakini ulithibitisha jambo kubwa: kwamba chombo chenye mabawa yasiyopigapiga, kikiwekewa mkia uliopangwa sawasawa, huweza kujisawazisha chenyewe hewani. Miaka saba baadaye, mwaka 1878, mzee Wright wa Marekani aliwaletea wanawe wawili kichezeo cha kuruka kilichoendeshwa kwa mpira, nacho kilitokana na ubunifu wa Pénaud huyo huyo. Wilbur alikuwa na miaka 11, Orville miaka 7. Tarehe 17 Desemba 1903 ndugu hao waliruka kwa ndege yao yenye injini. Basi tusiharakishe kudharau vichezeo.

Enzi kubwa ya ndege hizi ilikuwa miaka ya 1930, hasa katika Marekani na Uingereza. Ilikuwa miaka ya dhiki. Viwanda vilifungwa na baba wengi walikosa kazi. Hata hivyo, katika maduka ya Marekani kijana aliweza kununua kwa senti 10 kijisanduku chenye mchoro, fito chache za balsa na karatasi, akaenda kujenga juu ya meza ya jikoni. Neil Armstrong, aliyekanyaga Mwezi mwaka 1969, alikuwa mmoja wa watoto wa Ohio waliokua wakijenga ndege za namna hiyo.

Mashindano makubwa kupita yote yalikuwa ya Kombe la Wakefield, lililotolewa na Lord Wakefield, mfanyabiashara wa Kiingereza aliyetajirika kwa mafuta ya kulainishia mitambo. Kila ndege ilipaswa kuwa na uzito usiopungua aunsi 8, yaani kama gramu 227, na kuendeshwa kwa mpira tu. Mwezi Agosti 1939, katika uwanja wa Bendix huko New Jersey, Richard Korda wa mji wa Cleveland aliiachia ndege yake. Mpira wa ndege kama ile huishiwa nguvu baada ya dakika moja au mbili. Ndege ya Korda ilikaa angani zaidi ya dakika 40.

Je, dakika nyingine zote zilitoka wapi? Zilitoka kwa jua. Ardhi ikipata moto, hewa iliyo juu yake hupanda kama moshi usioonekana. Ndiyo hewa ile ile inayowabeba tai na mwewe wanapozunguka juu ya vichwa vyetu adhuhuri bila kupiga bawa. Ndege nyepesi iliyojengwa vema ikiingia katika nguzo ya hewa hiyo hupanda nayo. Wiki chache baada ya ushindi wa Korda vita vikuu vilianza Ulaya, na Kombe halikushindaniwa tena hadi mwaka 1948.

Vita vilibadili mambo hata katika kazi hii ndogo. Mti wa balsa, ambao wengi hudhani ni kitu cha watoto tu, ukawa mali ya vita. Ndege ya Kiingereza iitwayo Mosquito, ambayo zilijengwa zaidi ya 7,000, ilikuwa na kiwiliwili cha tabaka mbili za mbao ngumu nyembamba, na katikati yake balsa. Watengenezaji wa vijisanduku vya watoto wakabaki na maboksi na misonobari. Kwa sababu hiyo, chama cha Marekani cha wajenzi wa ndege za kale kimeweka mpaka: mchoro unaohesabiwa kuwa wa kale ni ule uliobuniwa kabla ya mwaka 1942 kwisha.

Balsa yenyewe ni mti wa nchi za joto za Amerika, na sehemu kubwa ya mbao zake hutoka Ekuador. Kwa ukoo ni jamaa wa mbuyu na msufi, na tunda lake likipasuka hutoa pamba laini kama sufi. Hukua upesi mno, hata huweza kukatwa baada ya miaka sita au saba. Mita moja ya ujazo ya mninga mkavu huwa na uzito wa kilo 600 hivi, hali ile ya balsa inayofaa ndege huwa na kilo 100 hadi 160 tu. Jina lake ni neno la Kihispania lenye maana ya chelezo, na kwa chelezo cha magogo hayo Thor Heyerdahl na wenzake watano walivuka bahari kutoka Peru hadi visiwa vya Polinesia mwaka 1947, kwa siku 101.

Sasa tushike wembe. Mchoro wa kale aghalabu hupigwa kwa ukubwa ule ule wa ndege yenyewe, na kazi hujengwa juu yake. Lakini usiuamini kabla ya kuupima. Karatasi ya zamani husinyaa, na nakala za mashine huongeza au kupunguza. Kama mchoro unasema bawa ni inchi 40 na rula inaonyesha 39 na nusu, basi mbavu, fito na nafasi zote zimepungua vivyo hivyo. Kumbuka pia kwamba vipimo vyake ni vya inchi: thumuni ya inchi ni milimita 3.2 hivi, na nusu ya hiyo ni milimita 1.6.

Tandaza mchoro juu ya ubao laini usiopinda, uufunike kwa karatasi ya nta ili gundi isishike, kisha anza na kiwiliwili. Fito ndefu hushikiliwa kwa pini mahali pake, na vijiti vya kusimama hukatwa kimoja kimoja vikae bila kulazimishwa. Upande wa pili haujengwi pembeni. Hujengwa juu ya ule wa kwanza, ili uwe pacha wake. Fito za upande mmoja zikiwa ngumu kuliko za upande mwingine, kiwiliwili hupinda kama ndizi siku utakapoviunganisha. Kwa hiyo shika kila ufito kwa ncha moja, uutazame unavyoinama, na uchague iliyo sawa. Gundi nyeupe ya seremala yatosha. Itie kidogo, kwani gundi ni uzito.

Mbavu za bawa hukatwa kwa kifuasio kigumu kimoja, hubanwa pamoja kama kurasa za kitabu, na kupigwa msasa mpaka zilingane. Kisha huja karatasi nyembamba yenye nyuzi ndefu, ambayo huvikwa ikigundishwa kandokando tu. Ikishakauka, inyunyizie maji kama umande. Itakunjamana hata moyo ushtuke, halafu itajikaza yenyewe mpaka ilie kama ngoma ukiigusa. Wakati huo bawa libaki limebanwa ubaoni, maana karatasi inayokauka ina nguvu ya kuligeuza kuwa jani kavu. Vanishi nyembamba humaliza kazi.

Hapa ndipo mchoro wa kale unapoonyesha tabia yake. Hauelezi kila kitu. Aliyeuchora aliandika kwa watu waliokwisha kujua, akaacha kusema ni mbao gani ziwe ngumu na zipi ziwe laini, au rafadha ichongwe mpaka unene gani. Wengi wa wachoraji hao hawako tena duniani, na hapana wa kumwuliza. Inambidi mjenzi auketie mchoro, aufikirie, na atambue kwa nini ufito fulani umewekwa pale. Huko ndiko kusoma hasa. Mtoto aliyezoea kusoma hivyo hataogopa ramani ya nyumba wala mchoro wa mashine kiwandani.

Siku ya kurusha, chagua asubuhi au jioni yenye utulivu na uwanja wenye nyasi. Kwanza hakikisha ndege inakaa sawa inapoinuliwa kwa ncha za vidole mahali palipotiwa alama. Kama mchoro haukutia alama, anza kwenye theluthi ya upana wa bawa kutoka mbele. Isukume polepole bila mpira kusokotwa. Ikiinua pua kisha ikaanguka, ongeza uzito kidogo puani. Ikizama moja kwa moja, punguza. Rekebisha jambo moja tu kwa kila jaribio, la sivyo hutajua lipi limeponya.

Kusokota mpira ni kazi ya watu wawili. Tepe za mpira hupakwa sabuni laini iliyochanganywa na gliserini, au mafuta ya mbarika, zisikwaruzane. Mmoja huishika ndege kwa nguvu. Wa pili huuvuta mpira kupitia puani mpaka uwe mara tatu au nne ya urefu wake, huufunga kwenye keekee yenye kulabu, na huzungusha huku akirudi polepole. Mizunguko hufika mamia. Macho yakae mbali, maana mpira ukikatika ndani, kazi ya miezi miwili hugeuka vibanzi kwa kufumba na kufumbua. Hakuna namna ya kuifanya kazi hii bila kumwamini mwenzako, ndiyo maana inafaa sana baba na binti, au shangazi na mpwa.

Sasa tumefika kwenye lile swali. Ndege iliyojengwa vibaya haipotei kamwe. Huanguka hatua ishirini kutoka ulipo, ukairudisha nyumbani. Inayopotea ni ile iliyo nzuri. Kadiri unavyochagua fito kwa makini na kupunguza gundi, ndivyo unavyoikaribisha ile hewa ipandayo iichukue. Wajenzi waliitafutia dawa: utambi unaofukuta taratibu, ukakata kijipira, na mkia ukainuka kwa nguvu ili ndege ishuke kama mwavuli. Siku hizi saa ndogo hufanya kazi hiyo, na ni afadhali, kwani utambi na nyasi kavu havipatani. Lakini hata dawa hiyo hushindwa mara nyingine. Mtu husimama uwanjani akiitazama ndege yake ikiwa nukta, kisha nukta nayo isionekane.

Wapo wanaoikimbia siku hiyo. Huzungusha keekee mara mia moja tu, ndege ikaruka chini chini na kurudi, na ikazeeka rafuni bila kujulikana iliweza nini. Sisi tunaona hiyo ndiyo hasara kubwa zaidi. Fito zaweza kukatwa nyingine na mchoro bado upo. Ujuzi uliokaa mikononi mwa aliyejenga hauruki kwenda popote, na ya pili hujengwa kwa nusu ya muda. Wazazi mtalielewa jambo hili bila kuelezwa sana, kwani nanyi mnalea kwa uangalifu wote, mkijua kwamba kulea vema ni kuandaa siku ya kuachia.

Kwa wale watakaosema balsa ni ghali na haipatikani mtaani kwao, hilo ni kweli kwa miji yetu mingi. Lakini wajenzi wa kwanza walitumia mianzi iliyopasuliwa nyembamba kabla balsa haijaenea, na watoto wetu wanaounda magari kwa mabua na waya hawahitaji kufundishwa namna ya kutafuta kilicho chepesi. Anzeni na ndege ndogo isiyo na mpira, ya kusukumwa kwa mkono tu, yenye bawa la urefu wa mkono wa mtoto. Ikienda hatua kumi kwa unyofu, mmekwisha kujifunza nusu ya kazi.

Tahadhari ya mwisho: wembe ukae mikononi mwa mkubwa, na andikeni anwani yenu juu ya bawa. Aghalabu ndege hiyo huokotwa na mtu mwema.