Machimbo Yasiyokwisha

Miongoni mwa michezo ya kompyuta wanayoipenda vijana ni ile ya kutawala anga, ambamo mchezaji huchimba madini ya sayari na kuzigeuza sayari kame zipate kukaliwa. Michezo hii hufunza kupanga mambo, nasi hatuipingi. Lakini ina kasoro. Katika Stellaris, uliotolewa mwaka 2016, kituo cha uchimbaji hutoa madini kila mwezi, wala machimbo hayapungui.

Dunia haiendi hivyo. Nauru, kisiwa cha Pasifiki chenye kilomita za mraba 21, kilianza kuchimbwa fosfeti mwanzoni mwa karne ya 20. Leo sehemu yake kubwa ya katikati ni majabali matupu yasiyolimika.

Kwa hiyo twawataka watengenezaji watie mambo matatu: machimbo yaishe, mashimo yadai gharama ya kufukiwa, na ugeuzaji wa sayari uwe na hasara zake kwa wakazi, si faida tupu. Hayo yawezekana. Katika Alpha Centauri wa mwaka 1999, mchezaji aliyeharibu mazingira aliweza kuona bahari ikipanda na kuzamisha makazi yake ya pwani.

Sisi wa visiwani twajua kwamba shimo la mchanga halijijazi lenyewe. Kijana anayecheza leo huenda kesho akawa ndiye mtia saini wa vibali; ni heri ajifunze mapema. Nao wanaotia saini leo wasingoje mchezo uwafunze: chovya chovya humaliza buyu la asali.