UFUNDI WA NYUMBANI: Pikipiki Kongwe Hutunzwa kwa Kalenda

Kila askari ajua kwamba bunduki iliyokaa ghalani bila kupigwa hata risasi moja husafishwa sawasawa na ile iliyotoka shabahani, kwa sababu kutu haingoji vita. Kanuni hiyo husahauliwa na wengi wanaomiliki pikipiki kongwe. Wao huhesabu kilomita peke yake, na chombo kisipotembea hudhani hakihitaji kuguswa. Kumbe aghalabu chombo cha namna hiyo huharibiwa na kusimama zaidi kuliko safari.

Mfano mwema ni Honda CB400F, pikipiki ya kasi ya ukubwa wa wastani iliyoundwa Japani katikati ya miaka ya 1970. Injini yake ina silinda nne zenye jumla ya sentimita za ujazo 408, gia sita, na mabomba manne ya moshi yanayopinda pamoja kuelekea kulia hadi kuwa bomba moja. Hata leo wako wanaoziendesha Japani, Uingereza na Marekani, na kazi nyingi za matunzo yake zaweza kufanyika uani kwa spana za kawaida.

Oili ndiyo ya kwanza. Katika pikipiki hii oili moja huhudumia injini, gia na klachi. Kwa hiyo haifai kutiwa oili ya motokaa yenye dawa za kupunguza msuguano, maana klachi itateleza. Itafutwe yenye alama ya JASO MA. Oili imwagwe injini ikiwa na joto, ili uchafu utoke nayo, na chujio lililo mbele ya injini libadilishwe. Bolti ya chujio isikazwe kwa nguvu za kupita kiasi, kwani kichwa chake huviringika upesi. Ijapokuwa pikipiki haikutembea sana, kazi hii ifanyike angalau mara moja kwa mwaka, kwa sababu oili iliyotumika hubeba maji na asidi zinazokula vyuma vikiwa vimetulia.

Kisha huja valvu na platini. Kwa fila geji, yaani vile vijibati vyembamba vya kupimia nafasi, kila valvu ipewe milimita 0.05, injini ikiwa baridi kabisa. Yafaa ieleweke kwamba valvu iliyolegea hupiga kelele, bali iliyobana hunyamaza, na ndiyo inayoungua. Platini ni mbili: moja ya silinda ya kwanza na ya nne, nyingine ya silinda ya pili na ya tatu. Nafasi yake ni kati ya milimita 0.3 na 0.4, ya plagi ni kati ya 0.6 na 0.7.

Kabureta nne nazo huteswa na kusimama. Petroli ikikaa hukauka na kuacha utando unaoziba vitundu vyake vidogo. Pikipiki itakayosimama zaidi ya mwezi imwagwe petroli yote iliyomo katika vikombe vya kabureta. Mnyororo nao usafishwe, upakwe oili, na uachwe na mchezo wa takriban milimita 20 katikati, ukipimwa pale unapobana zaidi gurudumu likizungushwa.

Hayo yote yakipuuzwa, hasara ni ya fedha. Breki na matairi yakipuuzwa, hasara ni ya roho, na mara nyingi aliyepakiwa nyuma ni mke au mtoto. Breki ya mbele huendeshwa kwa mafuta yake maalumu, nayo hunyonya unyevu wa hewa hata pikipiki ikiwa imefunikwa turubai. Katika mteremko mrefu breki hupata moto, maji yale huchemka na kuwa mvuke, na mkono wa breki hufika kwenye usukani bila kitu kushika. Hapana budi mafuta hayo yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, kwa uangalifu yasidondokee rangi ya tanki, maana huibabua.

Tairi laweza kuwa na meno kamili na bado likawa limekufa, kwa kuwa mpira hukakamaa kwa umri. Matairi yaliyotengenezwa tangu mwaka 2000 yana tarakimu nne ubavuni: mbili za juma na mbili za mwaka. 2318 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2018. Lenye nyufa ubavuni litupwe bila kujadiliwa.

Kwa sababu hizo, daftari la pikipiki liwe na safu mbili, moja ya kilomita na nyingine ya tarehe. Litundikwe mahali ambapo mwenye chombo akiwa zamu au safarini, jamaa wa nyumbani waweza kulisoma na kumkumbusha kabla hajatia ufunguo.