Saratani ya utumbo mpana: tusijidanganye kwa asili yetu



Ndugu zangu katika imani, ipo kauli inayorudiwa sana katika mazungumzo ya familia zetu: saratani ya utumbo mpana ni maradhi ya Wazungu, sisi Waafrika hayatupati. Kwa maoni yangu kauli hii ni ya hatari na tuiache.

Ni kweli ina chanzo. Daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi hapa Uganda hadi 1966, aliyaona maradhi haya kwa nadra sana. Mwaka 1971 aliandika kwamba sababu kubwa ni chakula chenye nyuzinyuzi nyingi walichokula watu wa huku. Hakusema ni rangi ya ngozi.

Tutazame Marekani. Wamarekani Weusi, ambao asili yao ni Afrika kama sisi, ni miongoni mwa wanaougua sana saratani hii. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti ambao Wamarekani Weusi 20 na Waafrika 20 wa vijijini Afrika Kusini walibadilishana vyakula kwa wiki 2. Wamarekani walipewa vyakula vya mahindi, maharage na matunda. Waafrika wakapewa soseji, baga na chipsi. Wiki 2 tu! Dalili za hatari katika utumbo wa Wamarekani zilipungua, na za Waafrika zikaongezeka.

Sisemi nasaba haina nafasi. Aliyewahi kuwa na mzazi au ndugu mwenye saratani hii amwone daktari mapema. Lakini kinga ya babu zetu ilikuwa jikoni na shambani, nasi tunaitupa kwa mikono yetu. Siku hizi kwenye harusi na hata futari, maharage na mboga ni aibu. Heshima ni chipsi, soseji na soda. Mwaka 2015 hiyo hiyo, wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walithibitisha kuwa nyama za kusindikwa husababisha saratani hii. Nembo ya halali inatuhakikishia uchinjaji, haituhakikishii afya.

Allah katika Suratul A'raf aya ya 31 ameturuhusu kula na kunywa, akatukataza israfu. Mtume (s.a.w.) naye alitufundisha kuacha theluthi ya tumbo kwa ajili ya pumzi. Tumeyasikia haya mimbarani, tuyapeleke mezani.

La mwisho ni haya. Mtu anaona damu chooni, au choo kinabadilika kwa wiki kadhaa, anasema ni bawasiri, ananyamaza. Mama, baba, usinyamaze. Nenda ukapimwe. Saratani hii ikigunduliwa mapema hutibika, na mwili ni amana ambayo tutaulizwa.

Allah atujaalie afya na mwisho mwema. Amin.

Wabillahi tawfiq.